Uliza Katibu: "Si Tulituma Kwenye Grupu?"

Barua za mwezi huu zimetoka Nachingwea hadi Newala, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu hakuambiwa, au aliambiwa na asiyehusika, au aliambiwa jambo limeshapita. Nimezifupisha, na majina ya timu nimeyaficha, maana huku kusini tunajuana hadi kwa babu. Kwa msomaji mpya: nimekuwa katibu wa klabu ya mpira hapa Mtwara mjini tangu enzi za mashine ya chapa na karatasi ya kaboni, kisha nikakaa kwenye kamati ya mashindano ya wilaya. Nikiwasema viongozi, nawasema wenzangu.

Shikamoo Bi Katibu. Mechi yetu ya ligi ya mkoa ilipangwa saa 10 jioni. Usiku wa kuamkia mechi, saa 5, mjumbe mmoja wa kamati akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba tutacheza saa 8 mchana, uwanja una shughuli nyingine jioni. Grupu lile lina watu zaidi ya mia, ujumbe ukafunikwa na picha za harusi na tangazo la kuuza pikipiki. Tumefika saa 9 tukakuta wenzetu wameshapewa pointi 3 na mabao 3. Tukilalamika tunajibiwa "taarifa ilitumwa". Tufanyeje? — Katibu wa klabu, Nachingwea

Marahaba mwanangu, na pole. Hilo jibu la "taarifa ilitumwa" nimelisikia miaka mingi, na wanaolitoa huwa hawaongezi kwamba ilipokelewa.

Wewe anza na maswali mawili, na uyaulize kwa maandishi. La kwanza: aliyeandika saa 5 usiku aliandika kama nani? Mjumbe wa kamati si kamati. Kama mwenyekiti au katibu wa mashindano hakusaini mabadiliko, basi mlichokipata ni maneno ya jirani mwenye habari. La pili: kanuni za ligi yenu zinasema mabadiliko ya saa yatolewe muda gani kabla ya mechi, na kwa njia gani? Kitabu cha kanuni unacho? Klabu nyingi hukichukua siku ya kulipia ada ya ushiriki, kikaishia kwenye droo ya mwenyekiti.

Unakumbuka Mei 8, 2021? Simba na Yanga walikuwa wacheze Uwanja wa Benjamin Mkapa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo TFF, shirikisho letu la mpira, ikatoa taarifa kwamba, kwa maelekezo ya wizara, mechi inasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakashika kanuni inayotaka mabadiliko ya saa yatolewe saa 24 kabla, wakaja kwa saa ile ya awali, wakapasha misuli, wakapanda basi lao wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya. Uwanja ukajaa watu, mpira haukuchezwa. Ilibidi ipigwe Julai 3, Yanga wakashinda 1–0. Na pale hakukuwa na shida ya simu wala mtandao. Ofisi za TFF na za klabu zote mbili ziko mji mmoja. Kilichokosekana ni taarifa kutoka kwa mwenye mamlaka, ikiwa na muda wake, ikajibiwa na kila upande. Wapo watu wa huku niliowafahamu walisafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kuangalia nyasi.

Yanga walisimama kwa sababu walikuwa na kifungu mkononi. Ninyi mna nini? Mna picha ya skrini inayoonyesha saa ya ujumbe, itunzeni. Halafu ulizeni kuhusu kikao cha maandalizi ya mchezo, kile kinachokaliwa na kamishna, waamuzi na viongozi wa timu zote mbili kukubaliana saa, rangi za jezi na mengineyo. Kilikaliwa? Muhtasari wake unasema saa ngapi? Kama kikao kilisema saa 10 na badiliko likaja baada yake bila kuwaita tena, hapo ndipo penye nguvu ya rufaa yenu. Kama hakikukaliwa kabisa, semeni hivyo kwenye barua, tena mwanzoni. Na msikae kusubiri majibu ya mdomo wakati siku za kukata rufaa zinahesabika. Rufaa ina ada na ina muda, vyote vimo kwenye kanuni.

Sasa nizungumze na kamati, maana najua mnasoma safu hii ingawa mnajifanya hamsomi. Grupu ni la kupongezana na kupeana salamu za Idi. Mkibadilisha saa ya mechi, mpigieni simu katibu na kocha wa kila timu, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake, "Nimepokea, saa 8 mchana, uwanja uleule." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayowakomboa. Nimewahi kumpigia kiongozi akajibu "sawa, sawa, sawa" na nilipomtaka arudie nilichosema akaniuliza kama nauza viwanja. Baada ya simu, iandikwe barua fupi yenye Kumb. Na., tarehe, jina na saini, ipigwe picha itumwe kwa hao wawili, na nakala iingie kwenye jalada. Dakika 20 hazifiki. Enzi zetu tulikuwa na daftari la kukabidhi barua: mjumbe anakwenda na baiskeli, mpokeaji anasaini mstari wake. Mwenye daftari lile alikuwa hashindwi kesi.

Na wewe mwanangu, pamoja na yote: klabu nzima kutegemea simu ya katibu mmoja anayelala saa 3 ni hatari. Wekeni na mtu wa pili.

Bi Katibu, mimi ni mzazi. Mei 2024 vijana wetu walikuwa safarini wakirudi kutoka kwenye mashindano, kimbunga Hidaya kikaja, barabara ikakatika Somanga. Siku nzima na usiku wake hatukujua wako wapi. Simu za viongozi hazipatikani, kijiweni wanasema basi limesombwa. Walirudi wazima, lakini mama wa mwanangu presha ilipanda. Klabu ina wajibu gani kwa sisi tuliobaki nyumbani? — Mzazi, Ruangwa

Mpe pole mama, na ninyi wa Ruangwa jambo hili mnalijua kuliko wengi. Februari 2021 Namungo, klabu ya hapo kwenu, walikwenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Walipofika, mambo ya vipimo vya korona yakaingia, baadhi yao wakazuiwa, mechi haikuchezwa. Ulikuwa mtihani mkubwa kwa klabu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 tu. Kukawa na klabu, TFF, CAF ya mpira wa Afrika, mamlaka za Angola na serikali yetu, kila upande na la kusema, na huku nyumbani kila mwenye simu ana toleo lake. Mwisho CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, na Namungo wakapita kwa jumla ya mabao 7–5 wakaingia makundi. Uwanjani walijibu vizuri sana. Lakini fikiria mama aliyekuwa Ruangwa zile siku za katikati, anasikia redioni "wachezaji wamezuiwa" na hajui kama wake yumo.

Ndiyo maana nasema jina la mchezaji na habari ya afya yake haviendi redioni kabla havijafika kwao. Hilo halina mjadala, iwe timu ya CAF au ya chandimu.

Timu ya vijana ikisafiri, orodha ya wasafiri yenye namba za wazazi isiondoke yote na basi. Nakala ibaki kwa mtu mmoja nyumbani, mtu ambaye hasafiri na anapokea simu, na wazazi wawe wanamjua kabla ya safari. Kocha aliye njiani ana kazi ya kutafuta maji na mahali pa kulala watoto. Asipigiwe na wazazi 25. Yeye anampigia wa nyumbani, wa nyumbani anawapigia wazazi. Na kuwe na saa iliyopangwa, tuseme saa 2 usiku, ambayo wazazi watapigiwa hata kama hakuna jipya. "Bado wako Somanga, wamekula, nitawapigia tena saa 12 asubuhi" ni habari nzito kwa mzazi. Viongozi wengi hunyamaza wakisubiri wapate la uhakika, na huo ukimya kijiwe kinaujaza chenyewe.

Kuhusu kutegemea WhatsApp: wiki moja hivi baada ya Somanga kukatika, Mei 12, nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani. Aliyekuwa na namba zimeandikwa kwenye karatasi alipiga simu ya kawaida akamaliza.

Mama, mimi ni mchezaji. Viongozi wanatuambia "hela ipo njiani" tangu msimu wa korosho uanze. Juzi tumeona Facebook mwenyekiti anapokea hundi kubwa ya mfadhili, watu wanapiga makofi. Kambini hakuna aliyetuambia hundi ile ni ya nini. Wenzangu wanataka tugome kwenda mazoezini. — Kiungo, Masasi

Mwanangu, ile hundi ya bango haiwekwi benki. Ni picha ya ahadi, na ahadi inaweza kuwa ya jezi, ya usafiri au ya mwaka kesho. Lakini nakuelewa kabisa: klabu imewaambia watu wa Facebook kabla ya kuwaambia wanaovuja jasho, na sasa kila mchezaji ameshaigawa hundi ile kichwani mwake na kujipangia matumizi. Hakuna kocha anayeweza kufundisha timu iliyo katika hali hiyo. Kabla ya picha kupigwa, nahodha na msaidizi wake walitakiwa wakae na mwenyekiti dakika 10: fedha hizi ni kiasi hiki, zimefungwa kwa kazi hii, za posho zenu hazimo au zimo.

Tusiwaonee viongozi kwa upande mmoja. Klabu nyingi za Mtwara na Lindi zinaishi kwa ahadi za watu wa korosho, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye zao hili mwaka 2007, korosho inakwenda ghalani, inasubiri mnada, ndipo malipo yanapitia chama cha msingi hadi kwa mkulima. Mnada ukisogea, ahadi ya mfadhili inasogea nayo. Kiongozi anayejua hivyo na bado anasema "wiki ijayo" anajichimbia. Aseme ilivyo: "Aliyetuahidi anasubiri malipo ya mnada, hajalipwa, nitawaeleza Jumatatu amefikia wapi." Jumatatu ikifika awaeleze, hata kama jibu ni bado. Wachezaji huvumilia njaa kuliko kudanganywa; nimeona timu ikicheza nusu msimu bila posho kwa sababu mhasibu aliwafungulia daftari wakaona wenyewe kwamba hakuna.

Mgomo? Hapana, si hatua ya kwanza. Siku mtakayokosa mazoezi ndiyo siku habari itageuka kutoka "klabu haijalipa" ikawa "wachezaji watovu wa nidhamu". Andikeni barua moja, isainiwe na nahodha kwa niaba yenu, yenye miezi mnayodai, kiasi, na siku mnayoomba kikao. Mpokeaji asaini nakala yenu. Tena kama una mkataba wa kweli wenye mshahara, ujue kwamba kanuni za uhamisho za FIFA tangu Juni 2018 zina kifungu kinachomlinda mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi 2 kinyume cha mkataba: anaweza kuuvunja kwa sababu halali, lakini lazima kwanza aiandikie klabu kuidai na aipe angalau siku 15 kulipa. Umeona kinachoanza? Barua. Aliyelalamika kijiweni miezi 6 bila karatasi hana alichodai. Ila angalia mkataba wako kwanza, kama upo na kama ulisajiliwa; wengi kwenye ligi za mikoa mna maneno ya mwenyekiti na kupeana mikono, na hapo njia yenu ni kikao na chama cha mpira cha wilaya, wala si FIFA.

Tumepata kijana mwenye mdomo mzuri, tunataka awe msemaji wa klabu kama akina Ahmed Ally na Ali Kamwe. Anawachapa wapinzani hadi raha. Unashauri nini? — Mjumbe, Lindi mjini

Simba na Yanga wana watazamaji nchi nzima, na utani wa wasemaji wao unauza tiketi na jezi. Ninyi mnacheza Ilulu, na mpinzani wenu ni shemeji yenu wa Mingoyo. Kijana mwajirini kwa majaribio, na mtihani wake uwe huu: Jumatano awe ametangaza mechi ya Jumamosi, saa, kiingilio cha wakubwa na watoto, na lango lipi litafunguliwa; atafute gari la matangazo lizunguke sokoni na stendi; baada ya mechi atoe matokeo na wafungaji ndani ya saa moja, majina yameandikwa sawasawa. Akiyaweza hayo miezi 3, mpeni ruhusa ya kutania. Na mtu mmoja, katibu, asome kila kinachotoka kwa jina la klabu kabla hakijatoka, kwa sababu kamati ya nidhamu haitamwita kijana peke yake, itaiita klabu.

Shikamoo Bi Katibu. Timu yetu ya netiboli tumeandika barua 4 halmashauri kuomba mipira na nauli, hatujajibiwa hata moja. Timu za wanaume zinapata. Ni dharau au tunakosea? — Nahodha, Mikindani

Marahaba mdogo wangu. Dharau ipo, sitaki kukudanganya. Netiboli huku inakumbukwa Mei Mosi na siku mgeni rasmi anapokuja. Lakini umeniambatanishia barua yenyewe, nimeisoma, na ina kurasa 3. Ya kwanza yote ni shukrani na historia ya timu. Ombi liko ukurasa wa pili katikati, na limechanganyika: mipira, nauli, jezi, ukarabati wa goli, na mgeni rasmi wa bonanza. Afisa michezo akilipata hilo hajui alipeleke wapi, kwa kuwa kila kimoja kina fungu lake na mtu wake.

Andika upya ukurasa mmoja. YAH: OMBI LA MIPIRA 4 YA NETIBOLI. Aya ya kwanza: ninyi ni nani, mmesajiliwa wapi, namba ya usajili. Aya ya pili: mnaomba nini, bei yake dukani, mnakihitaji tarehe ngapi na kwa mashindano gani. Aya ya tatu: ninyi wenyewe mmechangia nini. Simu mbili, saini, mhuri kama mnao. Nauli ni barua nyingine. Peleka kwa mkono masjala, wakugongee "imepokelewa" kwenye nakala yako, kisha rudi baada ya wiki 2 uulize kwa upole jalada liko meza ya nani. Usiulize "mmetujibu?", uliza liko wapi. Watumishi wana namna yao ya kusikia swali hilo.

Jambo la kalenda: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla yake. Barua zako zote nne ni za Agosti na Septemba, wakati fedha zimeshapangiwa kazi. Ombi kubwa kama ukarabati wa uwanja lipeleke mwishoni mwa mwaka huu, na diwani wako apewe nakala, ili lizungumzwe wakati makisio yanatengenezwa. Na siku michezo ya shule za sekondari (UMISSETA) au ya msingi (UMITASHUMTA) inapokuwa mkoani, kama ilivyokuwa Mtwara 2019, msikae jukwaani tu kushangilia. Maafisa michezo wa mikoa yote wamo uwanjani, wamekaa kivulini, hawana barua mkononi. Nendeni mkajitambulishe.

Katibu wetu wa zamani aliondoka kwa hasira na nywila ya barua pepe ya klabu na ya mfumo wa usajili wa wachezaji. Akipigiwa anasema "njomba, simu ile iliibiwa". Dirisha la usajili linakaribia kufungwa. — Mwenyekiti, Newala

Leo hii leo, si kesho, peleka barua TFF kupitia chama cha mkoa: muhtasari wa kikao kilichomwondoa, jina la katibu mpya, saini yako na ya mweka hazina, na ombi la kufungua upya akaunti ya usajili. Piga simu kuthibitisha imefika na kwa nani. Usipoteze siku kubembelezana na wa zamani, mambo ya madai yenu mtayamaliza baadaye. Barua pepe mpya ifunguliwe kwa jina la klabu na namba ya simu ya klabu, isiwe ya mtu wala ya mpwa wake. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana: tangu 2010 uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa unapita kwenye mfumo wa TMS wa FIFA, na taarifa ya shauri ikitumwa kwenye anwani ambayo klabu iliisajili yenyewe, inahesabika imefika, mmeisoma au hamkuisoma. Kijana wenu akinunuliwa kesho na klabu ya Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma tu, barua zitapita huko. Nywila mpya iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, wasaini wawili juu yake, iwekwe kwa mweka hazina. Na huyo wa zamani, mkipata simu yake, mwombeni pia jalada la mikataba, maana naona hukulitaja.